Busisi tulikula foleni. Foleni imekwisha, bajeti itakula nini?

YAFUATAYO ni maneno aliyoyasema mwenzetu mmoja mbele ya vijana wa Busisi, wilayani Sengerema, kwenye kijiwe kilicho jirani na gati la zamani la kivuko. Tumeyachapa kama yalivyotoka, isipokuwa tumepunguza salamu. – Mhariri.

 

Nimeambiwa nizungumze juu ya mapato ya mji wetu. Najua neno bajeti linaleta usingizi. Kijana akilisikia anafikiri ni mambo ya Dodoma, waziri na begi lake kila mwezi Juni, soda imepanda, bia imepanda, basi. Leo naomba tuiache ile ya Dodoma. Nazungumzia ile ndogo, ya halmashauri yetu ya Sengerema, ambayo ndani yake kuna kifungu cha kata ya Busisi, au hakuna. Hilo nalo tutaulizana.

Nianze na jambo ambalo sote tunalijua ila tunaona aibu kulisema. Sisi watu wa Busisi tulikuwa tunakula foleni. Ziwa tunalo, mashamba tunayo, lakini fedha ya haraka haraka ya mji huu ilitoka kwenye foleni. Basi linatoka Bukoba, linatoka Geita, linafika hapa linazima injini. Lori nalo linazima injini. MV Misungwi iko ng'ambo Kigongo inapakia, MV Sengerema ndiyo kwanza inang'oa. Abiria anashuka kunyoosha miguu, mtoto analia njaa, dereva anatafuta kivuli. Hapo ndipo tulipoishi. Mayai ya kuchemsha, karanga, samaki wa kukaanga, mahindi ya kuchoma, vocha za simu, soda ya baridi. Aliyekwama usiku alitafuta gesti. Mwenye haraka alitafuta pikipiki.

Nauli yenyewe ya kivuko haikuwa yetu hata siku moja. Ilikuwa ya TEMESA, wakala wa Serikali Kuu. Sisi tulipata makombo ya kusubiri, na halmashauri ikapata makombo ya makombo: ushuru wa meza, leseni ya kibanda, ushuru wa nyumba za wageni. Kwa hiyo tuseme ukweli, mji wetu ulisimama juu ya usumbufu wa watu wengine. Kadiri msafiri alivyoteseka ndivyo sisi tulivyouza.

Msinielewe vibaya. Sipo hapa kulilia kivuko. Mgonjwa aliyekuwa anakimbizwa Bugando alilitazama maji haya haya akiomba Mungu chombo kifike. Mwenye samaki wabichi aliitazama barafu ikiyeyuka. Atakayesema turudi kule mwogopeni.

Juni 19, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua Daraja la J.P. Magufuli. Kilomita 3 juu ya maji, zaidi ya shilingi bilioni 700 za Watanzania. Tulishangilia, na mimi nilishangilia mpaka sauti ikakauka. Pale ambapo gari lilikaa saa mbili, siku mbaya saa tatu, sasa linapita kwa dakika chache. Dereva hata kioo hashushi. Wiki iliyofuata nilikuja hapa gatini, nikamkuta mama mmoja amepanga samaki wake kama kawaida, nzi na yeye. Nikamwuliza, mama, hukusikia kwamba watu wanapita juu? Akanijibu, "Nimesikia mwanangu, ila miguu imenileta yenyewe."

(Kicheko)

Mnacheka, lakini mama yule anaizidi halmashauri kwa ukweli.

Taarifa ya miaka mitano

Hili daraja halikutushukia kama mvua ya mawe. Jiwe la msingi liliwekwa Desemba 2019. Kuanzia 2020 tuliziona nguzo zinapanda moja moja, tukahesabu, tukawekeana dau zitamalizika lini. Miaka mitano ile tulikuwa na neema ya pili, kwa sababu wajenzi wenyewe walipanga vyumba, walikula, walivaa, walikunywa. Tukawa tunakula foleni kwa mkono wa kulia na ujenzi kwa mkono wa kushoto. Vyote viwili vikaisha mwezi mmoja.

Sasa fikirini. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Daraja limefunguliwa Juni 19. Yaani siku kumi na mbili baada ya utepe kukatwa, bajeti mpya ya 2025/26 ikaanza kutumika, bajeti ambayo makadirio yake yalishapangwa miezi kadhaa nyuma. Swali langu kwa waheshimiwa ni jepesi: mlipokuwa mnapanga, kwenye mstari wa mapato ya Busisi mliandika nini? Mlikadiria kwamba mama wa samaki ataendelea kulipa ushuru wa meza? Gesti zitaendelea kujaa? Kama mliandika hivyo, mlikadiria mapato ya mji ambao haupo tena. Na kama mliandika kwamba yatashuka, basi onyesheni mliandika nini mahali pake.

Kijana atasema, mimi yananihusu nini, mapato yakishuka ni shida ya mkurugenzi. Hapana ndugu yangu. Tangu mwaka 2018 sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo ile ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya kelele za vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, ikarudishwa mwaka 2024. Hesabu yake ni ya kidole: halmashauri ikipoteza milioni 100 za mapato ya ndani, vijana wamepoteza milioni 4 za mkopo hata kabla hawajajaza fomu. Hizo ni pikipiki ambazo hutazipanda.

Chambo cha walalahoi

Mnajua halmashauri ikikosa fedha inakimbilia wapi? Haikimbilii kwa vigogo. Inakimbilia kwa yule asiye na mlango wa kufunga. Itaongeza ushuru wa meza kwa mama ambaye wateja wake wamekimbia. Itabuni kibali cha kijiwe cha bodaboda. Itaweka kizuizi barabarani, mgambo na kamba, gunia la mkaa, gunia la mihogo, lete.

Wazee hapa wanaikumbuka kodi ya kichwa, ile iliyoitwa kwa heshima kodi ya maendeleo. Nilikuwa kijana mdogo, kwenye gati moja la ziwa hili, nikawaona watu wazima wakiruka majini na suruali zao kwa sababu mgambo walikuwa wanasubiri stakabadhi upande wa pili. Ilifutwa mwaka 2003 pamoja na ushuru mwingi wa kero. Ilifutwa kwa sababu ilikuwa inatumia nguvu nyingi kukusanya fedha kidogo kutoka kwa watu ambao hawakuwa nayo. Anayetaka kuirudisha kwa jina jingine tumwulize kwanza kama anajua kuogelea.

(Kicheko na makofi)

Lakini nisiwaonee waheshimiwa wa halmashauri peke yao. Wananyang'anywa nao. Nchi hii iliua serikali za mitaa mwaka 1972, ikatunga sheria ya kuzirudisha mwaka 1982, zikaanza upya 1984. Tangu hapo ni mchezo wa kupewa na kupokonywa. Kodi ya majengo ilikuwa ya halmashauri, mwaka 2016 ikapelekwa TRA, na kuanzia 2021 ikawa inakatwa kwenye umeme wa LUKU. Desemba 2018 vikaja vitambulisho vya machinga vya shilingi 20,000, mwenye kitambulisho asiguswe na ushuru, halmashauri ikabaki inatazama. Mimi siwalaumu machinga, kile kitambulisho kiliwaokoa na mgambo. Nasema tu kwamba mkubwa akipoza moyo wa mlalahoi kwa mfuko wa halmashauri, zahanati ndiyo inayokosa rangi. Na Sengerema ilikatwa tena mwaka 2015 ilipozaliwa Halmashauri ya Buchosa: visiwa vya Kome na Maisome, na dagaa wake, vikaenda upande ule.

Basi tutoe wapi?

Wapo wanaosema tuweke tozo darajani. Hilo tuliache mapema. Barabara kuu na daraja lake viko chini ya TANROADS, na hata ikiwekwa tozo kesho, itakwenda pale nauli ya kivuko ilipokuwa ikienda. Wapo wanaosema watalii watakuja kupiga picha. Waje, wauzieni maji, lakini picha ni za simu na simu ni yake.

Ninalolitaka mimi ni soko.

Nisikilizeni vizuri hapa. Samaki na dagaa wa upande huu wa magharibi ya ghuba wanakwenda wapi? Wengi wanakwenda Mwaloni Kirumba, Mwanza. Kule ndiko kuna soko la jumla linalojulikana mpaka Kongo, Rwanda na Burundi. Mwenye gunia anavuka nalo, anashusha Kirumba, analipa ushuru kule Ilemela, analipa mpagazi wa kule, analipa stoo ya kule. Mnunuzi wa kutoka magharibi anakuja, ananunua gunia lile lile, analipakia, na kama njia yake ni Geita kwenda Biharamulo hadi Rusumo, analirudisha gunia kupita juu ya vichwa vyetu. Dagaa amekwenda mjini kutembea na kurudi! Amevuka daraja mara mbili, na Busisi imepata kivuli chake tu.

Wakati wa kivuko ilikuwa na maana, kwa sababu mnunuzi alikwenda kule bidhaa nyingi zilikokusanyika, na kuvuka kulikuwa ni adhabu ya wote. Sasa kuvuka ni bure kwa muda. Watu wa Mwanza wanaweza kuleta vyao huku kwa dakika chache, na mnunuzi wa magharibi anaweza kuishia hapa hapa bila kuingia kwenye msongamano wa jiji. Daraja lina ncha mbili. Hakuna aliyeandika kwamba biashara lazima ihamie ncha ya Mwanza.

Mtaniambia ni ndoto. Nendeni Kibaigwa, wilaya ya Kongwa. Kibaigwa haina ziwa, haina dhahabu, haina kivuko. Iko kando ya barabara ya Morogoro kwenda Dodoma. Wakajenga soko la mahindi, wakaweka mizani, ghala na uwanja wa malori. Leo ukitaja mahindi mtu anataja Kibaigwa. Mkulima anajua atamkuta mnunuzi, mnunuzi anajua atamkuta mkulima, na halmashauri inachukua ushuru kwenye mzani, mara moja, kwa risiti. Haimfukuzi mtu porini. Tofauti ya ushuru wa soko la jumla na ushuru wa meza ndiyo hiyo. Tuseme lori limebeba magunia 200. Ushuru wa lori moja unaokusanywa kwa dakika kumi unazidi ushuru wa meza unaokusanywa siku nzima kwa kutukanana na mama zetu.

Soko la dagaa linataka nini? Si ghorofa. Linataka chanja za kuanikia, kwa sababu dagaa wa mchangani na dagaa wa kwenye chanja hawauzwi bei moja, kila mtu hapa analijua hilo mdomoni mwake. Linataka ghala lisilovuja msimu wa mvua, mzani usiochezewa, choo, maji, umeme na barafu kwa ajili ya sato na sangara. Na linataka liwe mahali pake panapofaa. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Barabara nayo ina hifadhi yake. Tukikaa tukasubiri, watu watajibanza wenyewe kati ya maji na lami, halafu siku moja mtaamka mkakuta alama ya X nyekundu kwenye kila kibanda, mseme mmeonewa. Eneo litengwe sasa, lipimwe sasa, lisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji sasa.

Jambo la pili linakwenda pamoja na soko: maegesho ya malori. Vijana wa bodaboda mtanielewa haraka. Dereva wa masafa ana haja ya kulala, kuoga, kula wali wa moto na kujua kwamba asubuhi atayakuta matairi yake yote. Akipata mji unaompa hayo, atasimama bila kusimamishwa. Chalinze kuna kivuko? Hakuna. Kuna njia panda, na watu waliojua kukaanga nyama. Makambako kuna kivuko? Hakuna. Magari yanasimama kwa hiari yake, na kusimama kwa hiari kuna fedha kuliko kusimama kwa shida, kwa sababu aliyependa atarudi. Sisi hatujawahi kumbembeleza mteja hapa Busisi. Tulikuwa tumefungiwa naye. Samaki wa baridi tulimuuzia, chenji tulimzungusha, na kesho alikuja tena kwa sababu hana njia. Sasa anayo.

(Mmoja: "Hilo kweli!")

Kweli, na linauma. Wenzetu wa Kilifi, Kenya, walilipata mwaka 1991. Feri ya Mnarani ilikuwa na wachuuzi wake, korosho zikipita madirishani mwa mabasi. Likafunguliwa daraja, feri ikafa. Kilifi mjini ikaendelea kwa sababu ilikuwa na mambo mengine ya kumshika mtu. Na wasafiri wa zamani wa Lindi na Mtwara wanaikumbuka Ndundu, kivuko cha Rufiji, jinsi magari yalivyokwama pale kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003. Leo waulizeni vijana wa umri wenu, Ndundu ni nini? Wengi hawataijua.

Kuhusu viwanja nitasema kidogo, maana ni mahali pa hatari. Ardhi ya kando ya daraja imepanda thamani. Halmashauri inaweza kupima viwanja, ikauza, ikapata fedha nyingi kwa mpigo. Ni halali. Lakini mnajua mchezo unavyochezwa: fomu zinatangazwa Ijumaa jioni, Jumatatu zimekwisha, na majina kwenye orodha hakuna anayeyajua. Na kiwanja unakiuza mara moja. Ukiila fedha ya kiwanja kwa posho za vikao mwaka huu, mwaka ujao utauza nini, ziwa? Kama vitapimwa, fedha yake ijenge soko na maegesho, iandikwe hivyo kwenye kumbukumbu za baraza la madiwani, na sehemu ibaki kwa wenyeji kwa bei ya wenyeji.

Zile zilizokwisha kupita

Sasa nafika penye mfupa. Kabla hatujatafuta vyanzo vipya, tuulize vile vya zamani vilikwenda wapi.

Kuna kitu kinaitwa ushuru wa huduma. Kwa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, miaka ile ya ujenzi halmashauri iliweza kutoza kampuni hadi asilimia 0.3 ya mapato yake ghafi yaliyopatikana katika eneo lake. Daraja hili lilijengwa na kampuni mbili za Kichina kwa ubia. Chukua kalamu. Asilimia 0.3 ya shilingi bilioni 700 ni shilingi bilioni 2 na milioni 100. Ondoa kodi zinazopaswa kuondolewa, gawana na wenzetu wa Misungwi ambao ng'ambo ya Kigongo ni yao, bado ni fedha ya kujenga soko la dagaa na choo chake. Sisemi kwamba haikulipwa. Sisemi kwamba mtu kaila. Nasema halmashauri itueleze kwa maandishi: ilidai kiasi gani, ikalipwa kiasi gani, ikaifanyia nini. Jibu likiwa zuri tutapiga makofi kama tulivyopiga siku ya utepe.

Na si ya zamani tu. Katika wilaya yetu hii unajengwa mgodi wa dhahabu wa Nyanzaga, na wenye mgodi wanatarajia dhahabu ya kwanza mwaka 2027. Nao utapaswa kulipa ushuru huo huo. Jirani zetu wa Geita wana somo la bure kwetu: kwa miaka mingi mikataba ya migodi ile mikubwa iliweka kikomo cha dola 200,000 kwa mwaka kwa halmashauri, dhahabu iwe nyingi iwe kidogo, hadi baadaye walipoanza kulipwa kwa asilimia 0.3. Halmashauri iliyosinzia ililipwa kama mlinzi wa usiku. Sasa ya Nyanzaga yasemwe mapema, na Busisi isisubiri kuambiwa kwamba zimetumika makao makuu. Mgodi nao unakula. Unakula mchele, nyama, mboga, samaki kila siku ya Mungu. Kikundi cha vijana chenye soko, barafu na mzani kinaweza kuomba zabuni. Kikundi chenye mabeseni matatu hakiwezi.

Halafu kuna uvujaji. Miaka mingi iliyopita nililipia mzigo wa samaki kwenye mwalo mmoja, nikapewa stakabadhi iliyochanwa kwenye daftari la mtoto wa shule, nyuma yake kuna hesabu za kutoa, na zote zimekosewa! (Kicheko) Tukaambiwa mashine za POS zitakomesha. Zimesaidia, lakini ripoti za CAG mwaka hadi mwaka zinaeleza mamilioni yaliyokusanywa kwa mashine hizo katika halmashauri mbalimbali bila kufikishwa benki. Mashine haiibi. Kwa hiyo anayedaiwa ushuru hapa Busisi aulize mambo mawili bila kugombana: sheria ndogo inayosema hivyo iko wapi, na risiti ya mashine iko wapi. Mtoza ushuru mwaminifu hatakasirika, atafurahi kuona kuna mtu anajua kazi yake.

Mtauliza tuanzie wapi sisi tusio na cheo. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unaitishwa kila miezi mitatu, na hapo mapato na matumizi yanasomwa. Mara ya mwisho tulikuwa vijana wangapi? Mimi nilihesabu, sitaitaja namba kwa kuwa wengine mko hapa na mtajiona. Wazee walikuja na fimbo zao, sisi tulikuwa tunabishana Simba na Yanga. Mkutano ujao tuende na mambo matatu yameandikwa kwenye karatasi moja: eneo la soko la dagaa na maegesho litengwe na lipimwe, barua ya kuomba maelezo ya ushuru wa huduma wa daraja, na mapato ya kata hii, chanzo kimoja kimoja, yabandikwe kwenye mbao za matangazo kila mwezi. Muhtasari wa mkutano ukishaandikwa na kugongwa muhuri, diwani anaubeba mpaka kwenye baraza, na kikao cha baraza ni cha wazi, tunaweza kukaa nyuma tukasikiliza kama ameubeba kweli. Sengerema mjini si mbali, nauli tuchange.

Wahini ni haraka, kwa sababu vikao vya kupanga makadirio ya mwaka unaofuata huanza mapema, kabla hata mwaka huu haujafika katikati. Tukija na karatasi yetu mwezi Juni tutaambiwa kwa upole kwamba wazo ni zuri, tulilete mwakani.

Mwenyekiti, muda wangu umekwisha na yule mama pale ametaka kuinua beseni mara mbili. Naona kuna mzee ameinua mkono tangu nilipotaja viwanja. Mzee wangu, karibu, sema.